Nasomea uhasibu: je, njia ya Stefano Domenicali inanihusu?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uhasibu, mwaka wa pili, hapa Arusha. Tangu nikiwa mdogo nafuatilia mbio za magari, kuanzia rally za huku kwetu hadi Formula 1 kwenye televisheni. Nimesoma kwamba Stefano Domenicali, bosi wa Formula 1, alianzia Ferrari kwenye mambo ya fedha. Mjomba wangu mwenye gereji anasema hizo ni hadithi tu, dunia ya magari ni ya mafundi na mainjinia, na kwamba huyo Domenicali mwenyewe alifukuzwa Ferrari kwa kushindwa. Nafikiria kuacha uhasibu nikaanze upya uhandisi wa mitambo. Je, njia yake ni ya kweli au ni bahati ya mtu mmoja? Na kama alishindwa, ilikuwaje akapewa kazi kubwa zaidi?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu, lakini nadhani linalokukosesha usingizi ni moja: kama mlango wa mbio za magari umefungwa kwa mtu wa hesabu, basi kila muhula unaomaliza unakuona kama umepotea. Niliondoe hilo mapema. Mlango haujafungwa. Ila Domenicali hakuupita kwa namna inavyosimuliwa kwa mkato, kwamba kijana wa vitabu vya fedha aliingia Ferrari akapanda hadi juu. Kati ya kuingia na kufika juu kuna miaka zaidi ya 16 ambayo wasimuliaji huiruka, na jibu lako limo humo.

Alizaliwa Imola tarehe 11 Mei 1965. Mahali hapo pana uzito wake. Imola iko Emilia-Romagna, mkoa ambao ndani ya mwendo mfupi wa gari utakuta Ferrari kule Maranello, Lamborghini Sant'Agata Bolognese, Maserati Modena na Ducati pembezoni mwa Bologna. Mji wenyewe una kiwanja cha mbio chenye jina la Enzo Ferrari na mwanawe Dino. Akiwa kijana, Domenicali alikuwa akienda pale wikendi kusaidia kazi ndogondogo eneo la timu na kwenye chumba cha waandishi wa habari. Kwa hiyo mjomba wako akikuambia kuna bahati ndani yake, mkubalie. Kuzaliwa Imola ni bahati ambayo wewe na mimi hatukupata. Hata hivyo kijana wa Imola aliyeshinda nyumbani wikendi hizo hakupata alichopata yeye.

Alisoma uchumi na biashara Chuo Kikuu cha Bologna, akahitimu 1991, na mwaka huohuo akaingia Ferrari upande wa fedha na utawala. Hapo ndipo simulizi la mkato linaporuka hadi juu, na ndipo mimi ninapotaka utulie. Kati ya 1992 na 1994 alihusika na uendeshaji wa mashindano katika kiwanja cha Mugello, ambacho ni mali ya Ferrari. Mwaka 1995 akapewa usimamizi wa wafanyakazi wa idara ya mashindano, pamoja na uhusiano na wadhamini. Kufikia 1997 alikuwa meneja wa timu ya Formula 1. Baadaye akashika uchukuzi na ugavi, kisha akawa mkurugenzi wa masuala ya michezo. Kiti cha juu, yaani ukuu wa timu, alichokuwa amekalia Jean Todt, alikipata Januari 2008.

Tazama mfululizo huo: fedha, kiwanja, wafanyakazi, wadhamini, kanuni, mizigo. Hakuna hata kazi moja ya kuchora injini, na hakuna hata moja ambayo timu inaweza kukimbia bila hiyo. Meneja wa timu ni kama mwenyekiti wa kamati ya harusi: mambo yakienda sawa hakuna anayemkumbuka, wali ukichelewa kila mtu anamtafuta. Ndiye anayejua kitabu cha kanuni kuliko mtu yeyote kwenye timu, na ndiye anayeitwa na waamuzi dereva akikosea. Anahakikisha watu na makontena ya vifaa vimevuka mipaka kwa wakati, na gari limefika ukaguzini dakika ileile iliyopangwa. Domenicali alizifanya kazi za aina hiyo katika kipindi ambacho Ferrari ilichukua ubingwa wa timu mara sita mfululizo, 1999 hadi 2004, na Michael Schumacher ubingwa wa madereva mara tano mfululizo, 2000 hadi 2004. Sifa zilikwenda kwa Todt, mkuu wa ufundi Ross Brawn, mbunifu wa magari Rory Byrne na Schumacher, na walistahili. Lakini mtu aliyekuwa akiona kutoka ndani jinsi watu wale walivyoshikanishwa wasisambaratike alikuwa anapata darasa ambalo halifundishwi chuoni.

Sasa hoja ya mjomba kwamba dunia hiyo ni ya mainjinia. Magari yenyewe, ndiyo. Uongozi, hapana. Luca di Montezemolo aliyeongoza timu ya Ferrari wakati Niki Lauda anachukua ubingwa wa 1975 alikuwa msomi wa sheria. Todt alikuwa msoma ramani wa rally. Cesare Fiorio, aliyeshika timu ya Ferrari kuanzia 1989, alitokea timu ya rally ya Lancia, na huku Afrika Mashariki wazee wa rally watakukumbusha kwamba ni chini yake Lancia ilishinda Safari Rally ya 1988 na Miki Biasion. Maurizio Arrivabene, mkuu mwingine wa timu hiyo, alitoka kwenye masoko. Kwa upande mwingine Mattia Binotto na Frédéric Vasseur, waliofuata baada yake, ni mainjinia. Ferrari haijawahi kuwa na fomula moja ya kiongozi, na wala matokeo hayaonyeshi kwamba shahada ya namna moja ndiyo inayoleta makombe.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba kutokuwa mhandisi hakuna gharama. Kiongozi asiye mhandisi hulazimika kuamini anachoambiwa na wakuu wa ufundi. Wakati wa Domenicali, handaki la upepo la Maranello, yaani mahali pa kupimia jinsi hewa inavyopita kwenye gari, lilikuwa likitoa majibu yasiyolingana na yanayoonekana barabarani, hadi Ferrari ikalazimika kufanyia majaribio yake kwenye handaki la Toyota kule Cologne. Zaidi ya hapo, kuanzia 2009 majaribio ya barabarani katikati ya msimu yalipigwa marufuku, na timu yenye viwanja viwili vyake, Fiorano na Mugello, ikapoteza silaha yake kubwa. Kwa maoni yangu kiongozi mwenye jicho la kihandisi angeligundua tatizo la handaki mapema zaidi. Hayo ni maoni tu, lakini yaweke kwenye mizani yako.

Tuje kwenye kufukuzwa. Domenicali alijiuzulu tarehe 14 Aprili 2014. Najua, kwenye ngazi zile kujiuzulu na kufukuzwa vinaweza kukaa chumba kimoja, kwa hiyo sitabishana sana na mjomba kuhusu neno. Ninachobishana naye ni lile "kwa kushindwa", maana rekodi yenyewe ni ya mtu aliyekosa kwa unywele, tena mara tatu.

Mwaka wake wa kwanza, 2008, Ferrari ilichukua ubingwa wa timu kwa pointi 172 dhidi ya 151 za McLaren. Kombe hilo ndilo la mwisho la timu kuingia Maranello hadi leo ninapokujibu. Waliokuja baada yake hawajaongeza lingine. Dereva wake Felipe Massa alikosa ubingwa wa madereva kwa pointi moja, 97 kwa 98 za Lewis Hamilton wa McLaren. Kule Brazil alivuka mstari akiwa bingwa kwa sekunde chache, hadi Hamilton alipompita Timo Glock kwenye kona za mwisho. Lakini pointi ile haikupotelea Brazil peke yake. Kule Singapore, Massa akiwa anaongoza, alisimama kujaza mafuta, taa ya kumruhusu ikawaka kijani mapema, akaondoka na bomba likiwa bado limeshikamana na gari. Akamaliza wa 13. Wahandisi hawakukosea lolote pale. Ni kosa la utaratibu, yaani eneo hasa la mtu wa utawala, na lazima tulihesabu kwake.

Mwaka 2010 Fernando Alonso, dereva wa Ferrari, aliingia mbio za mwisho za Abu Dhabi akiongoza kwa pointi. Timu ikamwita mapema kubadili matairi ili amzuie Mark Webber wa Red Bull, akatoka nyuma ya Vitaly Petrov na hakumpita hadi mwisho. Wakati wakihangaika kumzuia Webber, mwenzake Sebastian Vettel alishinda mbio, na ubingwa kwa pointi nne. Mwaka 2012 Alonso, akiwa na gari ambalo wengi hawakuliona kuwa la kwanza wala la pili kwa kasi, alikosa kwa pointi tatu: 278 kwa 281. Kisha 2014 zikaja injini mpya za V6 zenye msaada wa umeme, Ferrari ikakosea hesabu zake. Kule Bahrain magari yao yalimaliza ya 9 na ya 10, na siku chache baadaye Domenicali akaondoka akisema wajibu ni wake. Angalia kilichofuata: Marco Mattiacci aliyemrithi hakumaliza mwaka, na Montezemolo mwenyewe aliondoka kwenye uenyekiti wa Ferrari vuli hiyohiyo. Tatizo la Ferrari halikuwa mtu mmoja.

Sasa swali lako zuri kuliko yote: ilikuwaje akapanda zaidi? Baada ya Ferrari alikwenda Audi nchini Ujerumani, na mwishoni mwa 2014 shirikisho la magari la kimataifa, FIA, likampa uenyekiti wa kamisheni yake ya magari ya kiti kimoja. Machi 2016 Audi, ambayo ndiyo inayoimiliki Lamborghini, ikamkabidhi uongozi wa kampuni hiyo. Hapo ndipo shahada ya Bologna ilipotumika kikamilifu. Lamborghini ilikuwa inajiandaa kutengeneza Urus, gari kubwa la familia kutoka kampuni iliyozoea magari ya kulala chini. Uamuzi wa kulitengeneza ulifanywa kabla hajafika. Kazi yake ilikuwa kulifikisha sokoni bila kuiangusha kampuni. Kiwanda kikatanuliwa kutoka mita za mraba 80,000 hadi 160,000, na Urus likazinduliwa Desemba 2017. Mwaka 2017 Lamborghini iliuza magari 3,815. Mwaka 2018 yakawa 5,750, na 2019 yakafika 8,205. Mtu anayekuza mauzo zaidi ya mara mbili ndani ya miaka miwili, bila jina la kampuni kushuka hadhi, huonekana.

Na aliposhika Formula 1 tarehe 1 Januari 2021 akimrithi Chase Carey, wenye mali, kampuni ya Marekani ya Liberty Media, hawakuwa wakitafuta mtu wa kushinda mbio. Walitaka mtu ambaye wakuu wa timu zote kumi wangempokea simu, anayejua lugha ya vikao vya makampuni ya magari, na aliyewahi kukaa FIA. Ukiangalia Ulaya nzima, watu wa namna hiyo ni wachache mno. Tofautisha vitu viwili ambavyo hata wachambuzi wetu wa langalanga, yaani Formula 1, huvichanganya: kanuni na waamuzi ni vya FIA, Domenicali anaongoza kampuni inayoshika biashara, yaani kalenda, televisheni, wadhamini na mikataba na viwanja. Akiwa hapo zimeanza mbio fupi za Jumamosi mwaka 2021, zikaja Miami 2022 na Las Vegas 2023, na mapato yakapanda kutoka dola bilioni 2.1 mwaka 2021 hadi zaidi ya bilioni 3.2 mwaka 2023. Wanaolalamika wana hoja pia. Mbio 24 kwa mwaka zinawachosha mafundi, na viwanja vya zamani vya Ulaya vinasukumwa pembeni na vyenye fedha zaidi. Imola, mji wake mwenyewe, haumo kwenye kalenda ya 2026. Rwanda ilitangaza ombi lake la kuandaa mbio Desemba 2024, FIA ilipofanya mkutano wake mkuu Kigali. Afrika haijaona Formula 1 tangu Kyalami, Afrika Kusini, 1993.

Nimekueleza yote hayo ili uelewe kilichombeba. Kilichombeba ni kuaminika na watu wanaogombana, na kujua kazi za chini ambazo wakubwa wengi huzisikia tu kwenye ripoti.

Kuhusu uhasibu wenyewe, nina habari ambayo huenda mjomba hajaisikia. Tangu 2021 timu za Formula 1 zina ukomo wa matumizi: dola milioni 145 kwa mwaka ule, na ukashuka miaka iliyofuata. Mishahara ya madereva, ya watu watatu wanaolipwa zaidi kwenye timu na gharama za masoko haziingii humo. Karibu kila kitu kingine kinachogusa gari kinaingia. Ghafla mhasibu wa timu amekuwa mtu wa mashindano. Red Bull, timu ya bingwa wa madereva wa 2021, walibainika kuvuka ukomo kwa asilimia ndogo. Unajua mzozo ulikuwa juu ya nini? Miongoni mwa vipengele vilivyotajwa ni chakula cha wafanyakazi, michango ya mwajiri kwa hifadhi ya jamii, tozo ya mafunzo kazini na namna ya kuhesabu vipuri visivyotumika. Hayo ni mambo ya darasani kwako! Adhabu ilikuwa faini ya dola milioni 7 na kupunguziwa asilimia 10 ya muda wa majaribio ya mkondo wa hewa. Mhasibu akiweka risiti kwenye fungu lisilo lake, mhandisi ananyang'anywa saa za handaki la upepo. Domenicali alipoingia Ferrari 1991 hakuna aliyekuwa akifikiria hesabu kwa namna hiyo. Kwa hiyo, kwa kipimo hiki kimoja, umezaliwa wakati mzuri kuliko yeye.

Basi uache uhasibu? Jiulize kwa uaminifu unachokipenda. Ukiwa gerejini kwa mjomba, mikono yako inataka kufungua gari ijue kwa nini linatetemeka, au macho yako yanaenda kwenye ratiba, bei za vipuri na namna mafundi wanavyogawana kazi? Kama ni la kwanza, na fizikia na hisabati zako za sekondari zilikuwa nzuri, uhandisi ni uamuzi halali na hujachelewa. Ila uufanye kwa sababu unaupenda, si kwa sababu umeambiwa ndiyo tiketi pekee. Kama ni la pili, kuacha sasa ni kutupa miaka miwili ili kununua kitu usichokihitaji. Mimi, kwa maandishi yako niliyoyasoma, nakuona kwenye kundi la pili. Hukutaja injini hata mara moja.

Niseme na upande mgumu. Timu nyingi za Formula 1 ziko Uingereza, ambako utahitaji mwajiri wa kukuombea kibali. Italia kuna Ferrari, na Racing Bulls kule Faenza, jirani kabisa na Imola, na huko Kiitaliano ndicho cha kila siku. Waombaji ni wengi, na cheti cha kwetu pekee hakitakutoa kwenye rundo. Kinachoweza kukutoa ni kazi ya mashindano uliyoifanya kwa mikono yako. Anzia karibu. Tanzania ina mashindano kama Mkwawa Rally, na Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, pale Naivasha, si mbali sana na wewe. Mashindano hayo hayaendi bila watu wa kujitolea: wa kushika muda, wa usalama barabarani, wa ofisi ya matokeo, wa kuhesabu fedha za usajili. Omba ofisi ya mashindano au ya fedha, usikimbilie kazi ya kupeperusha bendera tu kwa sababu iko karibu na magari. Ukimaliza shahada, endelea na CPA, cheti cha uhasibu wa kitaaluma, halafu fikiria shahada ya pili nje. Mkoa wa Emilia-Romagna una wakala wa umma, ER.GO, unaotoa ruzuku kwa wanafunzi wa vyuo vyake kulingana na kipato cha familia, na wageni pia huomba. Ushindani upo, lakini si ndoto ya mchana.

Yapo ambayo barua haiwezi kuyamaliza, na hayo nenda ukayazungumze ana kwa ana. Kabla hujasaini fomu yoyote ya kuacha au kubadili kozi, onana na mshauri wa kitaaluma chuoni, na kama una mkopo, fika Bodi ya Mikopo uulize utakuwaje ukihama. Pata jibu kwa maandishi. Kuhusu leseni na mafunzo ya maofisa wa mashindano, nenda kwa chama cha magari cha taifa, AAT, ambacho ndicho kinachoiwakilisha FIA nchini, au klabu ya rally iliyo karibu nawe. Na akitokea wakala anayekuahidi nafasi Ferrari au timu nyingine kwa ada ya usaili au ya viza, usimpe hata shilingi. Timu hizo hutangaza nafasi kwenye tovuti zao zenyewe na hazimtozi mwombaji. Mwonyeshe tangazo hilo mtu wa ofisi ya ajira chuoni kabla hujajibu.